Siku Kimya Alipomjibu Mama wa Kwaya kwa Kiingereza

Sogeeni, enyi mnaoshona na enyi mnaoshonewa! Zimeni pasi, ondoeni miguu kwenye pedali, maana haya hayasikilizwi na mtu mwenye shughuli nyingine. Nawaletea habari za Kimya, binti wa vifungo, shujaa asiyeinua sauti, mshika sindano asiyetetemeka mkono, aliyesimama peke yake mbele ya lugha ya kigeni, akairushia maneno manne tu, nayo ikarudi nyuma.

Chumba chetu cha ushonaji kilikuwa na cherehani tatu, meza moja ya kukatia na dirisha lisilofungika. Humo alitawala Mzee Mkasi, mkataji, ambaye ujanani aliosha vyombo katika hoteli kubwa na akatoka huko na Kiingereza cha kutosha kuombea chumvi. Alikuwamo Redio, bingwa wa kola na mikono ya nguo, ambaye mdomo wake haujapata kulala tangu azaliwe. Na alikuwamo Kimya, ambaye maneno yake ya miaka miwili, ukiyakusanya yote, yasingejaza kikombe. Mimi nilikaa mwisho, nikikunja pindo.

Ikawa mama mwenye duka letu la ushonaji amesafiri kwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, akatuachia kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: majoho sitini ya kwaya, rangi ya zambarau, ya mama mmoja mgeni asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza. Alhamisi ya kwanza, saa nne kamili, mama yule alisimama mlangoni akauliza kazi inaendeleaje: "How is it going?"

Loo! Jeshi zima likavunjika. Mzee Mkasi akakimbilia msalani na huko akahamia. Redio akaingiza kichwa ndani ya joho kama mtu anayetafuta kasoro. Mimi nikapiga magoti chini ya meza kuokota vifungo ambavyo havikuwa vimeanguka. Mama wa kwaya akatazama huku na huku, akaona watu wanajificha, akadhani kazi imeharibika. Akamwachia muuza duka wa jirani ujumbe, kwa ishara za mikono na kalenda ya ukutani: Alhamisi ijayo, asipojibiwa, anachukua vitambaa vyake na kuvipeleka kwa fundi mwingine.

"Tumekwisha," alisema Redio. "Mama mwenye duka akirudi akute meza tupu, sote tunakwenda nyumbani. Mzee, si wewe mwenye Kiingereza? Utamjibu wewe."

"Alhamisi mimi nakwenda kupima presha."

"Presha ya tangu lini?"

"Ya tangu leo."

Ndipo ikasikika sauti kutoka pembeni, ndogo kama ya mlango wa kabati. "Nifundisheni. Nitamjibu mimi."

Tukageuka. Alikuwa Kimya, uso umemwiva kwa aibu, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Mzee Mkasi akasimama, akaweka viganja juu ya meza ya kukatia, akahutubu hivi: "Binti yangu, nakukabidhi silaha moja, ndiyo iliyonivusha miaka minne mbele ya meneja aliyekuwa anauma. Isikilize. So far, so good. Yaani, hadi hapa tulipofika, mambo ni mazuri. Usiitoe kazi ikiwa haijaanza, wala usiitoe kazi ikiwa imekwisha. Hili ni neno la katikati ya safari. Na usiape nalo, kwa sababu halimwahidi mtu kesho."

"Na nikiulizwa hali ya marehemu?" akadakia Redio.

"Huyo safari yake imekwisha. Mwache apumzike."

Tangu saa ile chumba kikashikwa na wazimu. Chai imechemka? Bado, ila so far, so good. Ile cherehani mbovu inashona? Mishono kumi sasa, so far, so good. Redio akachungulia dirishani akamwuliza muuza duka, "Shemeji, mimba ya mkeo?" naye, kwa kuwa alikuwa ametusikia siku nzima, akaitikia, "Mwezi wa saba, so far, so good!" Redio mwenyewe akaulizwa kuhusu ndoa yake. Akafikiri kidogo. "Miaka kumi na mmoja," akasema. "Jamani, mbona naogopa kulisema?"

Tulicheka hadi Mzee akakata mkono mmoja wa joho ukawa mfupi.

Lakini Kimya hakucheka. Aliinamia vifungo vyake, midomo ikicheza bila sauti. Aliiambia pasi, aliiambia bobini, na tulipomwomba atuambie sisi, alirudi kwenye vifungo vyake. Hadi Jumatano jioni hakuna sikio la binadamu lililokuwa limemsikia.

Ikafika Alhamisi, saa nne. Gari likasimama nje, mlango wake wa nyuma ukafunguliwa tayari kwa kupakia. Mama wa kwaya akaingia na dereva wake, akaweka mkono juu ya robota la kitambaa. "Well? How is it going?"

Na Kimya, enyi wasikilizaji, alikuwa anapima pindo la joho, na kama wafanyavyo mafundi wote alikuwa ameshika pini kwa midomo. Pini tisa!

"Toa pini!" alinong'ona Redio.

Akachomoa ya kwanza, akaichomeka kwenye kitakia cha mkononi mwake. Akachomoa ya pili. Mama akamtazama dereva; dereva akainama. Ya tatu, ya nne, ya tano. Robota likainuka begani. Ya sita ikamponyoka, naye asiweze kuiacha, kwa maana fundi haachi pini sakafuni. Akapiga goti akaiokota. Ya saba. Dereva alikuwa mlangoni. Ya nane. Ya tisa!

"So far," akasema Kimya, akavuta pumzi, "so good."

Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ilipita. Na papo hapo akalikunjua lile joho mbele ya mgeni, ndani nje, aone mishono ilivyonyooka.

Mama akalishika, akaligeuza, akamtazama binti. Uso wake ukafunguka, akacheka kwa nguvu, akampungia dereva arudi.

"Nirudishe tena?" dereva akalia. "Jamani, na mgongo wangu huu?"

Akarudisha. Kisha mama akauliza jambo la pili, refu, lenye mapindi mengi, ambalo hakuna aliyeambulia kitu. Hapo ndipo ujemadari wa Kimya ulipodhihirika. Hakukimbia, hakutetemeka. Alirudisha pini zote tisa mdomoni. Mama akainamisha kichwa kwa heshima, kwa maana nani humsemesha fundi mwenye pini mdomoni? Akaaga kwa mkono, gari likaondoka.

Redio akapiga vigelegele hadi muuza duka akaja mbio akidhani mkewe amejifungua. Mzee Mkasi, aliyekuwa anapimia presha yake nyuma ya mlango, akatokeza, akachukua chaki, akaandika kwenye ukingo wa meza ya kukatia: ALHAMISI, SAA NNE NA DAKIKA SITA, KIMYA AMESEMA. Na hadi leo kitambaa chochote kinachotandazwa pale, kiwe cha bibi harusi au cha jaji, Mzee hukisogeza pembeni kidogo, maandishi yasifutike.