Malalamiko Kuhusu Baridi Yangu Kutumiwa na Nyumba Kumi Bila Ridhaa

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Februari, 1975.

Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi, Mzee Mbaruku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na najua itakukuta wapi: barazani, chini ya dirisha langu, umejitanda kanga ya mama kwa sababu ya baridi. Ningeweza kukueleza haya kupitia nondo za dirisha, lakini mimi ni karani wa shirika la umma, na jambo lisiloandikwa kwangu halijatokea.

Mimi Pantaleo, mpangaji wa chumba cha mbele, nina kiyoyozi. Unakijua, na Kariakoo nzima inakijua, kwa kuwa nilikileta kwa mkokoteni mchana kweupe kwa kuzungukia Mnazi Mmoja, ingawa njia fupi ilikuwepo. Nilikirithi kutoka kwa mtaalamu wa kigeni wa ofisini kwetu aliyerudi kwao. Nilikifunga dirishani mwenyewe, uso wake wenye vitufe ukitazama barabarani, maana mashine kama ile kuificha uso chumbani ni ubinafsi. Tangu siku hiyo sijapata raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Baridi yote inakwenda barazani. Chumbani kunabaki kishindo na joto la tanuri la mikate. Nimechunguza kitaalamu na kuridhika kwamba nyinyi ndio mnaoivuta. Watu wengi wakikaa pamoja na kuvuta pumzi kwa bidii, baridi itaacha kuwafuata? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na nyinyi mnaotetemeka hamnijui mimi ninayetokota.

2. Kwa kuwa vitufe viko nje, Bi Kijakazi muuza mihogo huongeza na kupunguza apendavyo, bila hodi. Jana alikizima kabisa akidai miguu inamuuma. Mimi mwenye mali nikitaka kukiwasha, inanibidi nivae shati, nitoke, nisalimie kila aliyepo, ndipo nikifikie kitufe changu.

3. Kikianza kuunguruma, taa za nyumba zote kumi zinafifia, kwa sababu sote tumening'inia kwenye waya mmoja, na Kitwana fundi cherehani ana pasi ya umeme. Nimesikia mmeshapatana kwamba Kitwana apige pasi asubuhi, kiyoyozi kifanye kazi jioni, na kila nyumba ibaki na taa moja. Mpango ni mzuri sana, ndiyo maana unaniuma. Mashine ni yangu, na mmeipangia ratiba bila hata kuniita kikaoni.

4. Maji yake yanadondoka upande wangu, juu ya mto wa kulalia. Hakuna jirani aliyejitolea kugawana nami maji hayo. Ujamaa gani huu wa kuchukua baridi na kuacha maji?

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mke wangu Euphrasia amehama na binti yetu Candida. Hakurudi kwao Masasi. Amehamia barazani, tumetenganishwa na ukuta. Anasuka ukili na wenzake, anacheka, nami namsikia nikiwa kitandani nimelowa jasho. Zamani, joto likizidi, tulikuwa tukipepeana kwa kipande cha gazeti. Nilileta mashine ili asichoke mkono. Sasa namkosa, Balozi, na sioni haya kuliandika.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: kwanza, kila anayekaa barazani apate kibali changu cha kuhisi baridi. Pili, nyumba zote zizime taa na pasi kila jioni, ili mashine ipate nguvu za kuisukuma baridi irudi ndani. Tatu, ikishindikana, baraza livunjwe. Azimio la Arusha limetaja njia kuu za uchumi. Baridi halikuitaja, kwa hiyo bado ni ya Pantaleo.

Nisalimie wote, yaani geuza kichwa kulia na kushoto hapo ulipo. Bi Kijakazi mpe pole ya miguu.

Wako katika ujenzi wa Taifa na katika jasho,
Pantaleo.

Nyongeza: Nilichelewa kuileta barua hii. Euphrasia aliingia chumbani akaikuta, akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia nikigeuze tu kiyoyozi. Nikakigeuza. Chumba kilipoa kweli, Balozi. Euphrasia na Candida wakarudi ndani, tukatoa blanketi la harusi. Joto likawa linawapulizia nyinyi, nanyi mkaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyepita kutusalimia. Kitwana akarudia kupiga pasi jioni. Tulikaa tukiisikiliza mashine, mpaka Euphrasia akasema: "Baba Candida, baridi tumeipata. Sasa tunaongea na nani?"

Nimekigeuza tena, uso barabarani. Barua ichane. Rudini, mniwekee nafasi mkekani karibu na mke wangu, na mwambieni Kitwana azime pasi. Mashine yetu inataka kuanza.