Majibu Arobaini ya Dada Nyamizi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Binamu Elizabeth, leo ninaanza daftari hili na ninaapa kueleza kila kitu, hata yanayoniaibisha. Likijaa nitalituma kwako Nyashimo kwa basi. Mwingine asilifungue.

Jambo lenyewe. Dada Nyamizi ameitwa kwenye usaili Ijumaa, kiwanda cha kuchambua pamba, kazi ya karani wa mizani. Nafasi ni moja. Asipoipata, Jumamosi ya wiki ijayo anakwenda Mpanda kwa shangazi Lukresia kuuza vyombo dukani kwake. Shangazi ameshamwandalia chumba. Mpanda, Elizabeth! Nitabaki na Bibi, na kitanda kizima peke yangu.

Kwa hiyo nimechukua uongozi. Nimesoma kwenye simu maswali ya usaili yanayoulizwa zaidi, nikaandika majibu arobaini kwa wino wa bluu, kwa namba. Dada ayakariri yote kwa mpangilio. Amesema yeye angependa kulala mapema tu na kunywa uji.

Jumanne, 10 Juni

Habari mbaya. Jirani yetu Minza, yule wa darasani kwetu anayeinua mkono kabla mwalimu hajamaliza swali, anamfundisha kaka yake Anatoli kwa usaili huo huo. Tena ana kitabu cha mitihani ya kupima uwezo wa kufikiri, kimetoka Mwanza.

Nimekwenda kwao kwa heshima zote. Tumekubaliana: yeye anipe kitabu siku moja, mimi nimpe anakili majibu yangu arobaini. Nimefika nyumbani nikakuta kurasa za majibu mwishoni mwa kitabu zimechanwa. Minza huyo!

Swali la kwanza: 3, 6, 11, 18, inafuata ipi? Nimekaa nalo tangu saa nne mpaka saa sita. Nimepata 24, halafu 25, halafu nikalia kidogo. Dada akapita na ungo wa karanga, akatazama, akasema ishirini na saba, akaendelea na safari yake. Nimemweleza kwamba bila kuonyesha njia hapati alama. Ameniambia sawa, mwalimu.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi ya hesabu, Bibi akiwa pembeni anachambua mchele. Nilisoma kwa sauti: mfugaji ana ng'ombe arobaini na wanane, theluthi moja wakafa, wamebaki wangapi?

Bibi akaweka ungo chini. Aliuliza ni ng'ombe wa nani. Nikasema wa kitabuni. Akauliza wamekufa kwa ugonjwa gani, na je, waliobaki wamechanjwa? Nikasema kitabu hakielezi. Akasema basi mwandishi si mfugaji, na humu ndani ng'ombe hawauawi ovyo, hata wa karatasi. Nibadilishe. Waseme wametolewa mahari.

Nimebadilisha. Hapo Bibi akataka kujua binti ni wa ukoo gani, maana ng'ombe kumi na sita si haba. Dada alikuwa ameshajibu thelathini na wawili zamani. Somo lilivunjika.

Jioni, jibu namba tano: mtazame msaili machoni bila kupepesa. Hapa ndipo kwenye kazi. Wewe unatujua, tukimwamkia mkubwa tunapiga magoti na macho yanakwenda chini yenyewe. Dada hajawahi kumtazama mzee usoni tangu azaliwe. Nimepanga afanye mazoezi kesho kwa Babu Masalu, anayepitia kwetu kila asubuhi kuuliza hali.

Alhamisi, 12 Juni

Ninaandika nikiwa nimeadhibiwa kuteka maji ndoo sita.

Babu Masalu alifika. Akaanza kama kawaida kwa salamu, mwangaluka, mmelala salama, watoto je, mifugo je. Dada alikuwa amesimama wima kama nilivyomwelekeza, amemkazia macho, hapepesi, ameshika mkono wake na kuutikisa mara tatu. Mzee wa watu akarudi nyuma hatua moja. Akajitazama nguo. Akauliza taratibu kama kuna msiba ambao hajaambiwa.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi uani kumwambia mjukuu wake mkubwa hayuko sawa, kuna kitu kimempata kichwani, na kama ni ugomvi wa familia basi waite kikao. Bibi akaniita mimi. Sijui kwa nini kila kitu kikitokea ninaitwa mimi.

Dada amepiga magoti mbele ya Babu, ameomba radhi. Babu amecheka mpaka akakohoa. Ndoo ni zangu peke yangu.

Jioni nimempa Dada onyo la mwisho. Akiulizwa habari za kazi aliyowahi kufanya, asithubutu kutaja UMANDE. Unakumbuka, Elizabeth. Msimu uliopita Dada alikuwa akijitolea kwenye kituo cha kununulia pamba, na Bibi akaleta gunia zito kuliko ukubwa wake. Lilikuwa limelowa. Dada alilifungua mbele ya foleni yote, akalianika kwenye turubai. Bibi anasema ulikuwa umande. Alinuna siku nane. Humu ndani neno hilo hatulitamki, hata mvua zikinyesha tunasema kumelowana. Dada ameniahidi.

Ijumaa, 13 Juni

Amerudi saa tisa. Mtihani wa maandishi anasema ulikuwa mwepesi. Nikauliza alitumia njia ipi. Akasema kichwa.

Halafu usaili. Wasaili watatu, mkubwa wao mama mtu mzima mwenye miwani. Dada kufika mlangoni tu, akapiga magoti akawaamkia. Magoti! Majibu arobaini, na jibu namba tano likafia mlangoni. Wakamwambia ajieleze. Anasema alilitafuta jibu namba moja, likaja namba tisa.

Yule mama akamuuliza: mtu unayemheshimu sana akileta pamba iliyotiwa maji, utafanyaje?

Swali hili sikuliandika. Arobaini, na hili halimo.

Dada akawasimulia habari za Bibi. Yote. Nilimuuliza mara tatu kama ni kweli, naye akajibu akivua viatu:

"Niliwaambia nilipiga magoti kwanza, nikamwamkia. Nikasema, 'Bibi, samahani, pamba yako imelowa, tuianike.' Halafu ndiyo nikafungua gunia."

Yule mama aliandika muda mrefu. Kuandika muda mrefu ni dalili mbaya, mwalimu wa hisabati hufanya hivyo kwangu.

Bibi alikuwa mlangoni, amesikia. Akauliza kitu kimoja tu:

"Uliwaambia ulikuwa umande?"

"Niliwaambia, Bibi."

Bibi akasema vizuri, akaenda kupika.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya kanisa Minza amenieleza ya kaka yake. Anatoli alipoulizwa udhaifu wake, alijibu anafanya kazi kupita kiasi, jibu langu namba kumi na saba. Wakamwomba mfano mmoja. Hakuwa nao. Msaili mmoja alicheka. Nimemhurumia Anatoli. Bila shaka alilisema bila hisia.

Dada ameanza kukunja nguo zake. Nimezikunjua mbili alipotoka.

Jumatatu, 16 Juni

AMEPATA. Ujumbe umeingia saa tatu asubuhi. Tumeruka, mchele umemwagika, kuku wamefurahi pia. Shangazi Lukresia amepigiwa simu, chumba apewe mwingine.

Bibi ameshapita nyumba nne akieleza kwamba kazi hiyo ameitafuta yeye, kwa pamba yake. Amemwambia Anatoli mwakani atamletea yeye gunia, naye apate la kusimulia.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na ukweli umeonekana. Lile swali nililiacha nje makusudi, ili Dada alijibu mwenyewe. Wakati ule sikujua kama ni makusudi. Mbinu yangu ni sahihi kabisa, ila majibu yaongezwe yafike themanini.

Shida ni moja. Kituo chake ni Kasoli, na msimu ukiwa mkali makarani hulala huko huko. Atakuja Jumamosi kwa Jumamosi. Amenibana begani akasema Kasoli si Mpanda. Najua. Lakini nafasi kitandani ipo wazi, na mama yako amemwambia Bibi unaweza kumalizia likizo kwetu.

Elizabeth, siwezi kuijaza nafasi hiyo ovyo. Nimekuandalia maswali, yako nyuma ya daftari, jibu kwa namba. Jieleze kwa ufupi. Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Namba kumi na saba usiseme unafanya kazi kupita kiasi, jibu hilo lina mwenyewe. Na hili la mwisho nirudishie kwa basi la kesho asubuhi, maana lina alama nyingi kuliko yote: ukilala, shuka unalivuta au hulivuti?