Bibi Anayefuata Jua

Jumatatu, 4 Machi
Naapa kuandika yote, hata ya aibu, kwa sababu Shangazi, mhandisi wa setilaiti, amesema ataisoma shajara hii neno kwa neno. Ijumaa ni maonyesho ya sayansi. Mshindi mmoja tu atapelekwa kuiona karakana ya Shangazi. Lazima niwe mimi! Nitajenga mtambo kama wake: lenzi nyembamba inakusanya jua pana na kuliangusha kwenye seli ndogo ya umeme, ili chombo cha angani kisibebe paneli nzito. Seli nimeichomoa kwenye taa ya jua ya kibarazani. Lenzi ni ile bapa ya plastiki ambayo Bibi husomea gazeti. Bibi hajaulizwa. Nitamwambia nikishashinda.

Jumanne, 5 Machi
Feni ndogo niliyoiunganisha na seli imezunguka! Kidogo. Kisha ikasimama. Jua huhama, na nukta ya mwanga huhama nalo, ikaiacha seli gizani. Angani kuna mota ya kuielekeza lenzi kwenye jua. Mimi sina mota. Nina Bibi! Kila asubuhi hukaa uani akiyaanika juani magoti yake yanayomuuma, na jua likisogea, naye husogeza kiti. Nitaufunga mtambo kwenye mkono wa kiti.
Baba kajikwaa kibarazani, akauliza nani kaiua taa. Nilisema huenda ni betri. (Nimeapa kusema yote humu. Kwa Baba sikuapa.)

Jumatano, 6 Machi
Magoti ya Bibi hayana mfano! Feni ilizunguka tangu chai ya asubuhi. Kisha Bibi akasinzia. Jua halikusinzia. Nukta ikatoka kwenye seli, ikatambaa hadi kwenye pindo la shali yake. Moshi! Bibi aliruka kama msichana, akaniuliza kama nina haraka ya kukirithi kiti chake. Nikalia. Akasema basi, nyamaza, atakuja Ijumaa, ila shali itabaki nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi
Mawingu! Mbingu nzima! Lenzi hukusanya miale iliyonyooka tu. Mwanga uliotawanywa na mawingu haukusanyiki. Feni kimya. Bibi, masikini, aligeuza kiti huku na huko akilitafuta jua, watu wakampigia makofi. Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Profesa, alileta paneli ya kawaida, bila lenzi, bila bibi. Feni yake ilijikokota, lakini ilizunguka. Akaniuliza kama bibi yangu anauzwa pamoja na kiti. Nilimweleza mwalimu wa fizikia kwamba angani hakuna mawingu. Akasema anajua, mwanangu, ila maonyesho yanafanyika uani mwa shule. Profesa ndiye atakayekwenda karakana. Nililia chooni mpaka kengele.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwisha. Bibi amedai lenzi yake, na ina mikwaruzo. Baba ameikuta taa bila seli. Nimenyang'anywa simu. Nimetafakari makosa yangu kwa unyenyekevu, nikaona ni moja tu: setilaiti halisi hubeba safu ya lenzi nyingi, nami nilikuwa na bibi mmoja. Shangazi, ukifika hapa, tafadhali nijibu siku hiyo hiyo, kupitia simu ya Mama: mama mkwe wako bado husomea gazeti kwa lenzi, na je, magoti humsumbua?