Skrini Isiyosubiri Salamu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimeiona njia ya kuwa Mkuu wa Mitambo. Hatimaye! Cheo kina ofisi, ofisi ina mlango, mlango una komeo la ndani. Kwa sasa nakaa koridoni, kati ya mtungi wa maji na dirisha la kaunta analohudumia Ikran, mpinzani wangu. Tulisoma kompyuta chuo kimoja. Yeye alifaulu, mimi nilimaliza.

Bahati yangu imetokana na chai yake. Ushirika wetu wa mifugo una ile kompyuta ya zamani iliyoko stoo, skrini nyeusi, maandishi ya kijani, na matawi yote yanaitegemea. Ukifungua faili ya mfugaji hapa Garsen, tawi la Kipini haliwezi kuigusa mpaka uifunge. Ikran akafungua faili, akaenda kunywa chai. Kipini wamepiga simu mpaka wamechoka. Meneja wetu, Bi Mwanasiti, akasema atakayeutibu ugonjwa huu kabla ya mnada wa Alhamisi ndiye mkuu. Nimeficha furaha kwa kukohoa.

Jumanne, 9 Septemba

Tayari! Skrini ikikaa dakika moja bila kuguswa, programu inajifunga na kumtoa mtu nje. Hakuna onyo. Yaliyoandikwa yanafutwa, mtu apate adabu. Ikran akauliza kwa nini isimuulize mtu kwanza kama bado yupo. Nikamwambia kompyuta si mjomba wake. Bi Mwanasiti akanipongeza mbele ya watu, na Ikran akatazama mtungi.

Jioni nimekwenda kujaribu komeo la ile ofisi. Zuri. Nimeandika kwenye kipande cha katoni: ULEDI, MKUU WA MITAMBO. Kilichobaki ni misumari.

Jumatano, 10 Septemba

Janga. Wafugaji wamekuja kuchukua vibali vya kusafirisha ng'ombe, nami sikufikiria salamu! Nimekulia Idsowe, salamu za hawa wafugaji Waorma nazijua vizuri, ila sikuwahi kuzipima kwa saa.

Mzee Bonaya akafika dirishani. Ikran akafungua faili yake. Mzee akauliza amani. Amani. Ya nyumbani? Ya mama? Ya mvua? Ya malisho? Kisha zamu ya Ikran kuuliza, maana hawezi kupokea salamu asirudishe. Alipofika kwa ndama, skrini ikajifunga. Ikran akakunja uso. Mzee akauona ule uso, akadhani kuna msiba umeingia, akaanza upya tangu kwa mama. Wakazunguka hivyo mpaka foleni ikafika kwenye ofisi ya mabasi ya Lamu.

Nikabandika tangazo: SALAMU ZIISHIE NJE. Ikran, kwa kunikomoa tu, akalitii. Mzee Bonaya akaulizwa rangi za ng'ombe wake hivi hivi, kavu. Hakupandisha sauti.

"Mtu hapana salimia mimi, nataka jua ng'ombe yangu?" akasema. "Huyo iko mwizi."

Akatoka. Wote wakatoka nyuma yake. Mpaka tunafunga, hatukutoa kibali hata kimoja.

Alhamisi, 11 Septemba

Mnada. Malori ya Malindi yamepanga foleni, na bila kibali hakuna ng'ombe anayepanda. Bi Mwanasiti kaniita pembeni, kasema malori yakiondoka matupu, nami niondoke nayo.

Mwenye busara angeirudisha programu ilivyokuwa. Mimi niliona afadhali lawama ihame. Asubuhi mapema, kabla ya mtu kufika, nikapunguza muda wa dirisha la Ikran ukawa sekunde tano. Aonekane ana vidole vizito! Mama husema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mama hajui kompyuta.

Ikran hakukaa kwenye kiti chake. Alikuwa uani, anawasalimia wazee mmoja mmoja kuwabembeleza warudi. Aliyekaa ni Bi Mwanasiti, ili kazi isilale. Bi Mwanasiti huandika kwa kidole kimoja, na kila herufi huitafuta kama sindano iliyoanguka. B. O. Skrini ikajifunga. B. O. N. Ikajifunga. Mara ya tatu hakuitazama skrini, alinitazama mimi.

Ikran akaingia, akaomba nafasi. Hakuchukua muda kuirekebisha programu. Sasa skrini inauliza kwanza: UPO? Unabonyeza kitufe, inaendelea. Usipobonyeza, inahifadhi kazi yako, kisha inaiachia faili ili watu wengine waitumie. Mzee Bonaya akauliza amani ya nyumbani, Ikran akajibu amani na kubonyeza. Ya mvua? Amani, akabonyeza. Ng'ombe wote wamepanda malori. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Baadaye nikaona njaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Ikran amehamia ofisini. Amefunga komeo kwa ndani, nimelisikia.

Sikufukuzwa. Bi Mwanasiti amesema niwe nasimama pale mbele nikiwapokea wafugaji, kwa salamu kamili, nyumbani, mvua, malisho na ndama, mpaka nijue zinachukua muda gani na kwa nini. Kwa ufupi, nimepewa mlango bila ofisi. Nimesalimia tangu asubuhi mpaka koo limekauka.

Hata hivyo nimegundua kasoro kubwa. Mzee akinyamaza katikati ya salamu, huwezi kujua kama anafikiri au amemaliza. Wengine wa nyuma wanasimama tu juani. Hakuna aliyewahi kulishughulikia jambo hili! Nimeshapanga. Kuanzia Jumatatu, mzee akikaa kimya dakika moja, nitamhesabu hayupo na kumwita anayefuata. Salamu zake zote zitafutwa, naye atarudi mwisho wa foleni aanze upya. Bi Mwanasiti akiona foleni inavyokwenda mbio, atamtoa Ikran mle ndani mwenyewe.