Kaseti ya Vifaru na Kitita cha Miraa

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi ya Nkubu imeingia mpaka kwenye bisibisi. Hakuna aliyeleta simu ya kutengenezwa tangu asubuhi. Nimetumia muda vizuri: nimepanga kaseti zangu zote za gemu ya TV juu ya kaunta, kwa rangi. Njano, nyeusi, kijivu. Mandhari! Mama mmoja aliingia, akaziangalia sana, akauliza kama nauza sabuni.

Kisha Kinyua akaja. Huyu ndiye mwenye cyber ng'ambo ya barabara, na ndiye mtu mwingine pekee Nkubu anayekusanya kaseti za zamani. Yaani ananiiga. Jumamosi ya wiki ijayo anafungua chumba cha michezo ya kale nyuma ya cyber, na mabango ameshabandika hadi kwenye ukuta wangu. Alizitazama kaseti zangu kwa huruma. Akasema yeye amebakisha moja tu, ile ya vifaru, na ameshasikia iko wapi. Mitunguu, kwa Mzee Marete, mkulima wa ndizi. Nyekundu. Imekwaruzwa M.K. mgongoni.

M.K.! Mugendi Kivuti! Mimi!

Nilijifanya nakohoa.

Jumanne, 5 Agosti

Mikono imeshinda Nkubu, roho imeshinda kwetu Siakago.

Gemu ilikuja nyumbani nikiwa darasa la sita. Mjomba aliitoa Nairobi ndani ya kiondo, chini ya vitunguu. Televisheni yetu ilitumia betri ya gari, na betri ilikuwa ya Baba, ya taarifa ya habari. Kila kifaru nilicholipua kilikula habari. Picha ikizima kabla ya hali ya hewa, Baba alifungua mshipi. Nimechapwa kwa sababu ya mvua nyingi ambazo hazikutabiriwa.

Kaseti ya kwanza iliandikwa kwamba ina michezo elfu tisa. Ilikuwa na minne. Tulimaliza likizo nzima tukiitafuta mingine kabla ya kukubali. Lakini ile nyekundu, ya vifaru, ndiyo ilikuwa yenyewe. Uliweza kujenga uwanja wako: matofali hapa, mto pale, msitu wa kujificha. Nikaikwaruza herufi zangu kwa bikari. Kidato cha pili nikamwazima rafiki yangu wa bweni, Murungi, mtoto wa huyo huyo Marete, aende nayo likizo moja. Aliporudi alisema imeliwa na mbuzi. Nilimpa pole!

Sasa Murungi yuko Qatar. Nimemtumia ujumbe kumuuliza kuhusu kaseti. Amejibu kwa picha ya mbuzi.

Mtu wa kawaida angekwenda Mitunguu aseme hii ni yangu, nipeni. Mimi si mtu wa kawaida. Ukiomba, unaonyesha shida. Lazima mzee alainishwe kwanza, mpaka aitoe mwenyewe akidhani ni wazo lake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango umekamilika. Nimekaa na Wameru miaka miwili sasa na nimechunguza: mzee wa huku hafungui masikio bila miraa. Kwetu Mbeere tunatafuna muguka, majani matupu ya jamii ya miraa. Unatiwa kwenye mfuko wa plastiki, mtu anachota. Hakuna sherehe. Kumpelekea mzee wa Mitunguu muguka ni kujitafutia kufukuzwa.

Kwa hiyo nikapanda mjini Meru kumwona Ayanle. Yeye husafirisha miraa. Amezaliwa Maua na Kimeru chake kinakipita changu mbali. Nikamwambia nataka kitita ambacho mzee akikiona atasimama. Akaniuliza kama mzee huyo ana binti nyumbani. Nikasema nasikia yuko mmoja, kwani kuna nini. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema Mungu asahilishe.

Alichagua vijiti kimoja kimoja, vyote vya urefu mmoja. Akavifunga kwa jani la mgomba, akazungusha kamba ya mgomba taratibu, huku vijana wake wakiacha kazi kutazama. Bei hakunipandishia. Hata alikataa tubishane, akasema kitu cha namna hii hakibishaniwi. Nimepata mfanyabiashara mwaminifu!

Jumamosi, 9 Agosti

USHINDI. Karibu.

Mitunguu kuna jua la kwetu kabisa, sweta ililoa jasho. Mzee Marete alikuwa amekaa kwenye baraza akinoa panga. Nikaweka kitita mezani kwa mikono miwili. Akasimama! Ayanle hakudanganya. Akaita ndugu zake wawili kutoka shamba la pili, wakaja wamevaa makoti.

Wakaniuliza jina la baba yangu. Ukoo wetu. Rika langu. Kama nina shamba, kama ninalewa, kama kwetu kuna ugonjwa wa kurithi. Maswali mengi kwa kaseti moja, lakini nilielewa. Kitu cha thamani hakipewi mlevi. Nikajibu kwa ufasaha. Kila nilipotaka kueleza haja yangu, Mzee aliinua mkono akasema jambo hilo halisemwi na mwenyewe siku ya kwanza; mtu huja na wazee wake. Heshima gani hii kwa kaseti!

Na niliiona. Juu ya friji, kando ya gemu yenyewe, chini ya kitambaa cha kufumwa. Wekundu wake ulichungulia.

Binti yake, Virginia, ndiye anayeendesha shamba. Aliingia na buti za matope kutoka kufungulia migomba maji. Akatazama kitita, akanitazama mimi, akatazama friji niliyokuwa naitazama. Akacheka, akatoka. Hana adabu sana, nadhani. Lakini alirudi na chai na ndizi za kuchoma, na zilikuwa tamu.

Mwishowe Mzee akakifungua kitita, akaanza kutafuna, ndugu zake wakafuata. Wote wakanishika mkono. Niliondoka nikipiga mluzi. Kinyua kwisha.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amepiga simu kutoka Siakago analia. Nikadhani kuna msiba. Akasema hapana, ni furaha, kwa nini nilimficha, yeye ni mama wa kambo?

Mzee Marete amempigia pasta wetu kuulizia tabia ya familia. Pasta amemwambia Mama. Mama amewaambia akina mama wote wa kanisa, na wameshachagua rangi ya leso.

Nikampigia Ayanle. Nikamuuliza kile kilikuwa kitita gani. Akasema ni ncoolo, kile cha kuposea. Baba wa msichana akikifungua na kutafuna, amekubali kuzungumza. Akauliza kwani mimi nilidhani nakwenda kufanya nini. Nikasema kaseti. Nilisikia mtu akivuta kiti.

Nimechumbia! Mimi, Mugendi, ambaye hata mbwa sijafuga!

Jumatano, 13 Agosti

Mpango mpya: nikataliwe. Rahisi. Nilivaa viatu vilivyofunguka mbele, sikunyoa, nikajifundisha njiani kujikuna hovyo. Mzee akiniona hivyo atajuta, atavunja uchumba, nami kwa masikitiko nitaomba angalau kaseti ya ukumbusho.

Mzee alivitazama viatu vyangu, akawaambia ndugu zake kwamba huyu kijana hajivuni. Kisha akaanza kunitajia mahari ya kwao, nisije nikasema sikuambiwa. Mtamba, dume, kondoo jike, kondoo dume, na asali katika mtungi wa kienyeji. Alirudia hapo kwa asali na kondoo jike. Alisema mtu akiingia kwa mzee wa Kimeru na kondoo jike na asali, hata kama ni bubu, ameshaeleweka.

Nikatoka nje kupumua. Virginia alikuwa kwenye pampu ya maji. Akaizima.

"Mugendi, umekuja kwa ajili yangu ama ya kaseti?" akaniuliza.

Nilikuwa na majibu matatu mazuri.

"Ya kaseti," nikasema.

Sikutarajia acheke tena. Akasema alijua tangu siku ya kwanza; Murungi alimtumia ujumbe wangu, na ile picha ya mbuzi yeye ndiye aliyeichagua. Akasema kaseti ni yake sasa, kwa sababu amekaa nayo kuliko mimi. Ila nikimshinda, niende nayo na atamweleza baba yake mwenyewe. Akinishinda, nirudi Jumamosi, nimpeleke kuona hicho chumba cha Kinyua.

Tukawasha. Kaseti ikakataa. Nikataka kuipuliza, fundi si ni mimi, lakini akaninyang'anya, akakunja kipande cha karatasi, akakichomeka chini yake, akapiga gemu kofi dogo ubavuni. Ikaimba! Wimbo ule ule wa mwanzo. Sioni aibu kuandika kwamba macho yalinilowa.

Uwanja aliojenga ulikuwa na mifereji, kama shamba lao. Vifaru vyangu vyote vilinaswa humo. Alinishinda mara ya kwanza, na ya pili, na nyingine ambazo sikuomba. Mzee alikuja akasimama mlangoni, akamuuliza ndugu yake kama siku hizi uchumba unafanywa hivi.

Nimeshindwa vibaya. Nimefurahi tangu jioni, na sijui kwa nini. Ninajua kwa nini.

Jumamosi, 16 Agosti

Ufunguzi wa Kinyua. Soda, maputo, kipaza sauti. Alitangaza kwamba mkusanyiko wake umekamilika. Nyuma kabisa, Virginia akainua mkono, akauliza vifaru viko wapi. Kinyua akasema viko njiani. Virginia akafungua mkoba, akaitoa ile nyekundu. Watu wakapiga makofi!

Wakacheza. Kinyua alijifanya mtaalamu, akageuza kofia nyuma. Mifereji ikammeza mbele ya wateja wake wote. Virginia akairudisha kaseti mkobani, akamshukuru kwa soda. Kinyua alitabasamu tu. Nimempenda kwa hilo. Mtu mzima hukubali kushindwa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeuliza. Kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kitita, kando ya pampu.

Virginia alinawa kwanza matope mikononi. Akasema anataka, lakini ana sharti moja, nalo si ng'ombe.

"Hakuna ujanja tena. Ukitaka kitu, sema unakitaka. Nikisikia tena umezungukia nyumba ya mtu kwa hila, kaseti inabaki hapa, na mimi nabaki nayo."

Nikaapa. Nilimaanisha kila neno. Ninampenda huyu mwanamke kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote chenye waya. Wazee wa Siakago watakuja Jumapili ijayo. Mama ameshashona.

Jumatatu, 18 Agosti

Kinyua amekuja dukani na mandazi. Hakuna kinyongo! Amenipongeza. Akasema ameona jinsi Virginia anavyocheza, na kwamba bibi-arusi kama huyo anastahili zawadi ya nguvu: ile bastola ya kupigia bata kwenye skrini. Halisi, ya rangi ya chungwa, waya haujakatika. Kuna mzee mmoja huko Kiirua anayo, imelala tu kabatini.

Bastola ya bata! Uso wa Virginia akiiona! Nikataka kwenda kuinunua moja kwa moja. Kinyua akanishauri nisifanye hivyo, mzee huyo anachukia mambo ya kununuliana. Ni mtu wa kulainishwa. Nimpelekee mtungi wa asali na kondoo jike mnene, niviweke mbele yake bila kusema mengi. Kinyua mwenyewe ameshampigia kwamba Jumamosi nakuja. Mzee amefurahi sana, ameita ndugu zake, na binti zake wawili ndio watanipokea stendi. Wakarimu, watu wa Kiirua.

Nilikumbuka kiapo, bila shaka. Lakini hii si hila, hii ni zawadi, na zawadi lazima iwe siri. Virginia asijue. Nilikumbuka pia maneno ya Mzee Marete kuhusu asali, lakini yeye alisema mtungi wa kienyeji. Mimi nitaitia asali kwenye galoni ya plastiki. Ni kitu tofauti kabisa.

Ayanle, sijui ameambiwa na nani, alipiga akauliza kama ninahitaji kitu cha safari ya Kiirua. Nikamwambia asante, safari hii sibebi miraa hata kijiti kimoja. Mtu hujifunza.