Valvu za Askofu

Jamani wenzangu tuliomaliza kidato cha nne pamoja, leo nimejiaibisha kuanzia kaburini kwa baba yangu hadi barabara ya lami. Sitii chumvi. Spika zilikuwa mbili, zimefungwa juu ya mparachichi, moja inaelekea juu kwa majirani, nyingine inaelekea chini walikokaa wakwe zangu.

Uvumilivu ulianza kuniisha saa mbili asubuhi, mlangoni pa sakristia.

"Mama Deo," akasema Mzee Aloyce, mwenyekiti wa kigango chetu, "zile valvu mpya ni za askofu."

Alisema huku anatabasamu, ufunguo wa kabati uko mkononi. Nilitamani kuung'oa na vidole vyake.

Ngoja niwaeleze. Amplifaya ya kigango chetu ni ya zamani, ina uzito wa gunia la kahawa, aliiacha padre mzungu enzi hizo. Inatumia valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama taa. Miaka yote aliyeitunza ni baba yangu. Darasa la nne tu, mkulima wa kahawa, lakini masikio! Alikuwa ananiambia valvu haifi ghafla kama balbu. Inazeeka kama mtu. Kwanza inachelewa kuamka, kisha sauti inapungua, kisha inaanza kuvuma. Ukiigonga polepole na penseli, spika inakwaruza. Na ile rangi ya fedha iliyopakwa kileleni mwa kioo inafifia.

"Usidanganyike na kuwaka," alikuwa anasema. "Hata mgonjwa wa homa ana joto."

Redio ndogo za plastiki zisizotumia valvu zilipojaa sokoni, fundi mmoja mjini akawa anafunga duka lake. Baba akashuka kwa miguu, akarudi na seti nzima ya valvu mpya, za mwisho kabisa. Akazifunga kwa soksi, akaziweka kwenye kopo la maziwa, akaandika juu yake: ZIBADILISHWE SAUTI IKIANZA KUVUMA. Halafu akaugua. Kopo likaenda kwa Mzee Aloyce, na Mzee Aloyce akalifungia kabatini, zisichakae. (Valvu ikae kabatini isichakae, tuchakae sisi.)

Baba alifariki mwaka jana. Mimi sikumzika. Siku wanamteremsha kaburini nilikuwa nimelazwa hospitali ya Mawenzi, nina mtoto wa siku moja mkononi, na hakuna aliyethubutu kuniambia mpaka nilipotoka. Nilipofika nyumbani udongo ulikuwa umeshakauka. Mtoto nikampa jina la babu yake, basi, hayo ndiyo maziko niliyofanya.

Kwa hiyo leo ilikuwa misa ya mwaka mmoja na kubariki kaburi, na kaka zangu walikubali nisome mimi historia ya marehemu. Nimeiandika wiki tatu. Kurasa nne. Niliomba jambo moja tu: majirani zake wasikie. Mnajua kwetu, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimeinama, watu wanakaa chini ya migomba mpaka kule mferejini. Bila spika, aliyekaa mgombani anasikia kuku tu.

Turudi sakristiani.

"Mzee wangu, kwa heshima," nikamwambia, "hizo valvu alizinunua baba."

"Ndiyo, Mungu amrehemu. Alikipa kigango zawadi nzuri. Ndiyo maana tunaitunzia ugeni mkubwa."

"Na zilizomo zinavuma tangu Pasaka!"

"Huo ni umeme wa huku juu, mwanangu. Umeme wetu haujatulia. Njoo utazame mwenyewe, zote zinawaka."

Na kweli zilikuwa zinawaka. Nzuri, za rangi ya chungwa. Kileleni kwenye kioo mbili zilikuwa zimeshafifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akachungulia, akavua miwani. "Zinawaka," akasema.

Nikaondoka nikiwa nimeuma meno. (Hapa bado nilikuwa binti mwenye adabu. Nikumbukeni hivyo.)

Mashine ikabebwa mpaka nyumbani kwetu, misa ikaenda salama. Padre ana sauti yake, hahitaji mtambo. Kaburi likabarikiwa. Kisha nikaitwa. Mtoto nimembeba mgongoni, karatasi mkono huu, kipaza sauti mkono ule. Spika zinavuma kama mzinga wa nyuki, lakini nasikika.

Ukurasa wa kwanza, safi. Kuzaliwa kwake, shule, ndoa. Nikawaona wazee kule chini wanatikisa vichwa. Ukurasa wa pili, nimefika pale anapokata kahawa yake mwenyewe ili apande nyasi za ng'ombe tupate maziwa ya kuuza kwa ajili ya ada ya shule, sauti ikaanza kushuka. Ikashuka. Ikawa kama mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Ikazima.

Mimi nikaendelea! Nikapaza koo. Kule chini wakadhani nimemaliza. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo. Wengine wakaitikia. Vijana wa mbege wakaanza kupita na vibuyu. Mimi niko ukurasa wa pili, baba yangu yuko kati ya sentensi, watu wanakunywa!

Nikaiacha karatasi. Nikaenda kwenye amplifaya, iko juu ya meza hatua tatu kutoka kaburini. Mzee Aloyce ameiinamia.

"Ajabu," akasema. "Zinawaka!"

Nikachomoa kalamu, nikagonga valvu ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Kipaza sauti bado nimekishika mkononi, nimekisahau, kwa sababu kimekufa, si ndiyo? Kimekufa.

Nikamgeukia mzee nikammwagia yote.

Sasa, valvu iliyochoka ina tabia moja ambayo baba aliniambia na mimi nikaisahau. Ukiigonga inaweza kunyamaza kidogo, halafu ikaamka yenyewe. Kwa nguvu. Sijui iliamka nimefikia wapi. Mume wangu anasema majirani wa juu walianza kusikia hapa:

"... nepi inabadilishwa ikilowa! Haisubiri mgeni aje! Wewe unamwacha baba yangu anavuma kama nzi kwa sababu askofu atakuja sijui mwaka gani! Mimi sikumzika baba yangu! Nilikuwa nimelala Mawenzi nimeshonwa nyuzi saba, siwezi hata kukaa! Hata kukaa, Mzee Aloyce! Leo ndiyo siku yangu pekee, na wewe unanionyesha taa!"

Haijawahi kusikika vizuri namna ile, hiyo mashine. Mlima mzima ulinisikia. Wimbo ulikatika. Kijana wa mbege akasimama na kibuyu hewani. Na kutoka kule mferejini, sauti ya kizee mmoja asiyeelewa kinachoendelea ikajibu:

"Amina!"

Nikageuka. Baba mkwe amekaa kiti cha mbele, upande wa chini. (Nyuzi saba, jamani. Baba mkwe.) Alikuwa anatazama viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona.

Mtoto akaanza kulia mgongoni, kilio chake kikatoka kwenye spika zote mbili, kisha pwaa, kila kitu kikazima moja kwa moja.

"Tuombe," akasema padre.

Mama yangu hakunigombeza. Aliniacha nilie jikoni mpaka watu wamalize mtori, kisha akaingia na jani la sale alilolichuma uani. Nyie wa Dar mmeshasahau: kwetu ukimkosea mtu mzima unampelekea sale, na akishalishika hawezi kukunyima msamaha.

"Kampe," akasema. "Umemtukana mzee mbele ya mumeo."

"Nitampa. Lakini nitampa na barua ya malalamiko."

Mama akanikabidhi jani. Akasema, "Basi shika sale mkono wa kulia."

Mzee Aloyce nilimkuta amekaa peke yake kwenye benchi la kanisa. Shikamoo, marahaba. Nikampa jani, nikapiga goti. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Baba yako ndiye alikuwa anajua mambo haya," akasema. "Mimi nafungua kifuniko, naona taa, nafurahi. Niliogopa kuzigusa zile mpya nisije nikazivunja za mwisho."

Nilitaka kuendelea kumchukia. Nikashindwa. Nikampa barua hata hivyo, akaisaini mbele yangu. Nakala nyingine nimeiacha kwa paroko, ndipo nikashuka mjini kuja kuwaandikia. Nainakili hapa, mjue sikutishia tu:

*Kwa Mwenyekiti, Halmashauri ya Kigango.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU VALVU ZA AMPLIFAYA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nalalamika rasmi kwamba valvu zilizochoka zimeendelea kutumika ilhali mpya zipo kabatini, kwa sababu tu za zamani zinawaka. Kwa uzembe huo historia ya marehemu baba yangu imeishia ukurasa wa pili.*

*Naomba yafuatayo. Valvu zibadilishwe zote wiki hii, na nitazibadilisha mimi mwenyewe, kwa kuwa alinifundisha. Jumapili baada ya matangazo nipewe nafasi nisome kurasa mbili na nusu zilizobaki, kuanzia pale alipokata kahawa.*

*Mwisho, waumini watangaziwe kwamba atakayetaka kunicheka siku hiyo acheke kwa sauti ya chini na akae mbali na madhabahu, kwani kipaza sauti kitakuwa kizima.*