Chuo cha Wapelelezi kwa Njia ya Intaneti, Garsen

Hoteli ya Chai ya Suleiman,
Stendi ya Garsen.
17 Agosti 1999

Kwa Mkuu wa Usalama,
Ofisi Isiyo na Kibao, nyuma ya tangi la maji.

Mheshimiwa,

KUH: KUFUNGWA KWA MNADA WETU, NA MAOMBI YA KUMSOMESHA AFISA WAKO

Pokea heshima za mtu usiyemjua, ingawa faili yangu unayo. Mimi ni Suleiman Jilo, mpika chai. Shule niliachia darasa la sita. Mengine nimejisomea kwenye magazeti ninayofungia maandazi. Mnada wa ng'ombe wa Garsen umefungwa kwa amri yako, hii ni wiki ya tatu, na wafugaji hawana pa kuuzia. Chanzo ni afisa wako wa siri, Bwana Josiah. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Josiah alikuja akijifanya mnunuzi wa ng'ombe. Siku ya kwanza mnadani aliulizia bei ya mtamba akamwita "fahali huyu". Mtamba mwenyewe aligeuka kumtazama. Mama Fardosa, muuza maziwa, alicheka mpaka kibuyu kikamponyoka, akasema, "Wallahi, huyu serikali imemnunulia hata kofia!"

2. Huenda hukuambiwa kwamba wafugaji wa huku hawahojiani kabla ya kupeana habari. Mgeni hukaa, hunywa chai, kisha hutoa habari zote za alikotoka kwa mpangilio: mvua, nyasi, maji, kupe, amani. Akimaliza, ndipo mwenyeji hutoa zake. Basi Mzee Liban, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno, alimwuliza habari za alikotoka. Bwana Josiah, kwa kuwa amelelewa vizuri, alizitoa zote: katoka Hola Jumatatu, wako watatu, mmoja kashukia Ndera anajifanya mng'oa meno, gari lao ni jeupe. Kupe hakuwaona. Mzee Liban akamshukuru, akaniambia, "Kijana ana adabu huyu. Mwongeze chai."

3. Zamu yake ya kupokea habari ilipofika, akatoa daftari. Mheshimiwa! Tangu yale mafuriko ya El Niño, Tana nzima inajua daftari ni la kuandikisha chakula cha msaada. Alikwenda Minjila akauliza, kwa ujanja wake, "Siku hizi nyumbani mko wangapi?" Nyumba kumi na nne zilimjibu, jumla watu 412. Darmi, ambaye hajaoa, alitaja watoto tisa, na mapacha wako njiani.

4. Ripoti aliiandika kwenye meza yangu huku akijisomea kwa sauti, kwa hiyo hoteli nzima iliisikia na kuipitisha. Wewe ukaona watu 412 ndani ya nyumba 14, ukasema hilo ni jeshi limefichwa, ukafunga mnada. Askari wamepekua Minjila mara mbili wakiwatafuta watoto wa Darmi.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Fungua mnada. Pili, nipe kibali nianzishe chuo cha kuwasomesha watu wa usalama na upelelezi kwa njia ya intaneti, wajifunze huko huko waliko kabla ya kuletwa kwetu.

Kompyuta ninayo. Iliachwa na watu wa misaada wakati wa mafuriko, na huwaka kila Barnabas anapowasha jenereta ya kinu chake cha kusaga unga. Simu ndiyo hakuna, nguzo zilikwenda na maji. Kwa sasa intaneti yetu ni hivi: somo linaingia kwenye disketi, disketi inapanda basi, basi linakwenda na msafara wa polisi hadi Malindi, na huko mpwa wangu Bilal analirusha somo duniani. Hebu niambie ni chuo gani kingine ambacho masomo yake yanasindikizwa na bunduki! Hata majambazi wakiliteka basi, hakuna hasara: watasoma kitabu kile kile cha maafisa wako, na pande zote mbili zitajua la kufanya.

Walimu wako tayari. Mzee Liban atafundisha Zamu ya Habari. Mama Fardosa atafundisha Kofia. Hesabu ni ya Darmi. Mtihani wa mwisho ni mwanafunzi kukaa hotelini kwangu siku nzima bila kutaja alikotoka. Bwana Josiah tumemjaribu. Alidumu vikombe viwili.

Nisalimie wote wa ofisini, na usimsahau yule wa meno. Mwambie Ndera wanamsifu, mawili kayang'oa vizuri sana.

Wako mtiifu, chini ya macho yako,

Suleiman Jilo,
Mkurugenzi Mtarajiwa.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu Abdia kaingia mbio. Lori limefika Minjila na mahindi na maharagwe ya watu 412. Kumbe ofisi ya misaada nayo ilipata nakala ya ripoti. Tafadhali futa yote niliyoandika. Bwana Josiah ni mpelelezi hodari, hesabu yake haina kasoro, chuo hakihitaji, na mnada tutaungoja. Wale 412 wapo. Askari hawakuwaona kwa kuwa walikuwa machungani. Ila umrudishe upesi hapa stendi na daftari lake. Kwangu alikunywa chai tu, hakuuliza. Tuko thelathini na mmoja.